Moshi wa breki Kitonga

Leo mchana mlima Kitonga, Iringa, semi (lori la kuvuta tela) inashuka kuelekea Ruaha Mbuyuni, matairi ya tela yanafuka moshi.
Harufu ya breki imefika kabla ya gari.

Mzigo unaweza kuwa halali kabisa: jumla tani 56 kwa ekseli (mihimili ya magurudumu) 7, tani 24 kwenye ekseli 3 za tela. Kupita mizani hakukusaidii ukianza kushuka na gia nyepesi (namba kubwa).

Ingiza gia nzito (namba ndogo) ukiwa bado juu, ile unayopandia au chini yake.
Kanyaga breki mpaka mwendo upungue, kisha achia kabisa. Ukiishikilia kidogokidogo, dramu (chuma cha duara ambacho breki hukibana) inapata moto, inatanuka, breki hazishiki tena.

Utingo kashuka na ndoo ya maji.
Jamani, hapana! Dramu ya moto hupasuka. Iache ipoe yenyewe.

Madereva, Kitonga mnashuka na gia namba ngapi?