Nilivyomalizana na sesheni mizimu kwenye wifi ya vocha

Kama unauza wifi ya vocha mtaani na umeme wa kwenu ni ule wa kukatika na kurudi, hii meseji unaijua: "broo vocha yangu inasema tayari nipo hewani na mi hata sijaingia". Nilikua nazipokea karibu kila jioni, hasa kutoka saiti ya hosteli za wanachuo hapa Dar. Umeme ukirudi tu simu inaanza kuita.

Setapu yangu ni ya kawaida, ruta za MikroTik kwenye kila saiti, FreeRADIUS (programu inayokagua vocha na kuhesabu muda) na MySQL (hifadhidata yake) vipo kwenye VPS, yani seva ya kukodi, huko nje, na vocha moja ni kifaa kimoja, yani Simultaneous-Use ni 1. Mteja akiingia ruta inatuma Start, seva inaandika mstari kwenye tebo ya radacct na kolamu ya acctstoptime inabaki tupu, akitoka ruta inatuma Stop na ile kolamu inajazwa. Sasa ruta ikizimika ghafla Stop itatumwa na nani? Mstari unabaki wazi, seva inahesabu jamaa bado yupo ndani, akirudi na vocha yake anagomewa. Huo mstari ndio sesheni mzimu. Intaneti ikikata bila umeme kukatika ni yale yale, maana hizi meseji zinapita kwa UDP, njia isiyohakikisha kama meseji imefika, bandari 1813, ruta inarudia mara chache, isipojibiwa inaachana nayo.

Kuna ujumbe unaitwa Accounting-On, upo kwenye RFC 2866 (moja ya hati za viwango vya intaneti) tangu mwaka 2000, kazi yake ni ruta kuiambia seva "nimewaka upya, futa uliyokua nayo". Mzuri, ila ruta inawaka haraka kuliko modemu inavyopata laini, kwahiyo hata ukitumwa unaishia hewani. Sikutaka kuutegemea.

Nilichofanya kwanza ni kuwasha Interim-Update, ruta iwe inaripoti kila mteja aliyepo kila baada ya sekunde 300. RFC 2869 inashauri isiwe chini ya 600 ila kwa saiti ndogo kama zangu seva hata haistuki. Faida yake ni kwamba kila ripoti inasogeza acctupdatetime (muda wa ripoti ya mwisho), kwahiyo sesheni unaihukumu kwa ukimya wake na sio kwa umri, kuna mtu wa vocha ya wiki anaweza kukaa ndani tangu juzi na ni mzima kabisa. Nikaweka cron (kazi inayojiendesha yenyewe kwa ratiba) ya kila dakika tano inayopiga hii:

update radacct set acctstoptime = acctupdatetime, acctterminatecause = 'mzimu' where acctstoptime is null and acctupdatetime < now() - interval 15 minute;

Dakika 15 maana yake amekosa ripoti tatu mfululizo, moja ikipotea njiani simuui mtu. Na angalia hapo nimeweka acctstoptime = acctupdatetime, SIO now(). Skripti nyingi zinazozunguka mtandaoni zinaweka now() halafu zinapiga hesabu ya muda kutoka hapo, sasa fikiria mtu kanunua vocha ya masaa matatu, umeme umekatika saa moja jioni umerudi saa nne usiku, ukija kufunga umeme ukisharudi kwa now() umemla masaa yote akiwa gizani, na huyo hatakuja kununua tena, ataenda kwa jirani yako. Neno 'mzimu' nimeliweka mwenyewe ili nikitafuta baadae nijue saiti gani inaongoza kwa kukatika, kolamu inakubali maandishi yoyote mafupi.

Kilichonisumbua zaidi ni saa. Hizi ruta ndogo hazina betri ya saa, zikiwaka baada ya umeme kuna ambazo zinaamka zikiamini ni mwaka 1970 mpaka NTP (huduma ya kurekebisha saa kwa mtandao) iwafikie. FreeRADIUS 3 kwa kawaida inaandika muda ule inaoletewa na ruta, basi mteja wa kwanza kuingia umeme ukirudi anaandikwa 1970, cron inapita inaona mtu kimya miaka hamsini na kitu, inamfunga palepale na yupo yutyubu anaangalia mpira! Nikaingia kwenye queries.conf (faili la mipangilio ya FreeRADIUS) nikabadili ile event_timestamp_epoch isome %l tu, yani saa ya seva yenyewe, ruta ibaki na mambo yake. Tangu hapo sijaona 1970 tena.

Kesi ya mwisho ni laini ikikata dakika ishirini halafu irudi, ruta haikuzima, mteja kwenye ruta bado yupo, kwenye tebo nimeshamfunga. Hapo anaweza kumpa rafiki vocha wakaingia wawili. Kwahiyo skripti sasa kabla ya kufunga inajaribu kutuma Disconnect-Request (amri ya kumtoa mteja) kwa ruta kwenye bandari 3799, ruta ikiwa hai inamtoa na yeye anaingia upya, ikiwa imezima hakuna kinachopotea. Kumbuka kuruhusu incoming kwenye menyu ya radius ya MikroTik, na hiyo bandari ipitie WireGuard (VPN) tu, usiiache wazi kwa dunia nzima.

Zinazobaki ni simu za Android 10 na kuendelea zinazobadili MAC (namba inayotambulisha kifaa kwenye wifi). Mtu akibadili kwenye simu kutoka MAC ya kubuni kwenda ya simu yenyewe anaweza kuja kama kifaa kingine wakati cha zamani bado kinahesabika, hao nawaambia wasubiri robo saa, na wengi wanasubiri bila kelele.