Usiku wa vitunguu

Tulikuwa na gunia zima la vitunguu la kumaliza kabla ya alfajiri, na wanawake kumi na mmoja wa kulimaliza. Ilikuwa Agosti 2001, Kibokoni, Mombasa, uani kwa Bibi, usiku wa kuamkia harusi ya dada yangu. Nje kichochoroni wapishi walikuwa wameshapanga mawe na kuni za biriani, na wanaume wamekaa barazani wakinywa kahawa. Kati yao na sisi palikuwa na dirisha moja la nondo, na nusu ya kelele za usiku ule zilipitia hapo.

Mimi nilikuwa na miaka 16. Kazi yangu ilikuwa kumenya thomu na kuiangalia redio kaseti.

Ubishi ulianza kwa jambo dogo. Binamu yangu Amina alitaka kujua kesho biharusi atatolewa kwa wimbo gani. Shangazi Rukia akajibu bila kuinua uso kwenye ubao wake:

"Wa Juma Bhalo. Kwani kuna mwingine?"

"Shangazi, nyimbo zote za dunia hii?"

"Zote. Tangu watu waanze kuimba."

Amina alikuwa amerudi likizo kutoka chuo kikuu Nairobi, na alikuwa hodari wa kubisha. Akasema sauti ya Bhalo hana ugomvi nayo, lakini lahani zake nyingi ni za filamu za Kihindi. Utausifuje wimbo kuwa bora wa wakati wote na tuni yake imetoka sinema?

Shangazi akaweka kisu chini. Akachukua kitunguu kimoja, akakiinua mbele ya taa.

"Hiki kimetoka Tanzania. Mchele ule kwenye magunia umetoka Pakistani. Zafarani sijui imetoka wapi. Kesho watu wakila, watasema wamekula biriani ya nani?"

"Ya Mombasa," wakajibu watatu kwa pamoja.

"Basi. Na maneno? Maneno mengi ya Bhalo yametungwa na ndugu yake, Ahmad Nassir, mtu wa Mvita. Hayo nayo yametoka sinema?"

Mpaka leo naona hoja ile haijapata jibu. Nimewasikia watu waliosoma muziki wakiizunguka saa nzima, na Shangazi aliimaliza kwa kitunguu kimoja. Bibi, aliyekuwa amejinyoosha mkekani akijifanya amelala, akaongezea kwa sauti ya chini kwamba hata Siti binti Saad alipanda meli mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri zake, na hakuna aliyemwambia amerudi Mhindi.

Mama Mghoi alikuwa kimya wakati wote huo. Alikuwa rafiki ya mama yangu tangu ujana wao, Mtaita, na vitunguu alikuwa akivikata vyembamba kuliko sisi sote. Alipofungua kinywa alisema neno moja tu: "Malaika."

Uwa ukatulia kidogo, maana huo ni wimbo ambao hata asiyeupenda huona haya kuupinga. Mama Mghoi akaanza kuhesabu kwa vidole vilivyolowa. Fadhili William, mtoto wa Taita, ndiye aliyeuimba ukajulikana. Miriam Makeba akauchukua akauzungusha dunia. Mwaka 1965 akautia kwenye santuri aliyoimba pamoja na Harry Belafonte, Marekani. Boney M wakauimba 1981. "Niambieni wimbo mwingine wa Kiswahili," akasema, "ambao mtu asiyejua hata neno 'maji' anaweza kuuimba na akalia."

Hapo ndipo sauti ya Ami Twalib ilipoingia dirishani. Alikuwa mdogo wake baba, mtu wa bandarini Kilindini, na hakuwahi katika maisha yake kuacha mazungumzo yapite bila yeye.

"Na wimbo wenyewe ni wa nani, Mama Mghoi? Lucas Tututu wa hapa Mombasa yuasemwa ndiye alotunga. Wengine wasema Adam Salim. Wimbo una baba watatu!"

Mama Mghoi hakujibu. Alikuwa akimkumbuka Fadhili William, aliyefariki Februari ya mwaka ule ule, miezi sita tu iliyopita. Nilimwona akifuta macho kwa mgongo wa mkono, na usiku kama ule huwezi kujua ni kitunguu au ni nini. Mama akamwambia Ami kwa ukali kwamba marehemu hajafikisha mwaka, na kwamba kama hana wimbo wake wa kuutaja, arudi kwenye kahawa yake.

Anao, akasema. "Shida."

Nilikuwa nimemsikia Ami akiutaja wimbo huo mara mia, lakini sikuwahi kumwuliza kwa nini. Usiku ule alieleza. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, mwenye wimbo huo, alikufa Januari 1979 kwa ajali ya gari, hapa hapa Mombasa, akiwa na miaka 34. Ami alikuwa kijana aliyeanza kazi bandarini karibuni. Habari zilimkuta zamu ya asubuhi. Akasema mzee mmoja mchukuzi, mtu asiyezungumza na yeyote, alitua mzigo wake, akaketi juu yake, akaanza kuuimba wimbo ule polepole mpaka mwisho, kisha akainuka akaendelea na kazi. "Mimi nimesikia magitaa mengi," Ami akasema kupitia nondo, "lakini siku ile hapakuwa na gitaa, na wimbo haukupungua kitu."

Nilitamani ubishi uishie hapo kwa ushindi wake. Haukuishia. Mpishi mmoja wa Kitanga akadakia kwamba Mbaraka sawa, lakini "Sina Makosa" ya Les Wanyika ndiyo inayowainua watu vitini kila inapopigwa, na kwamba ndugu wa Kinyonga, waliotoka Tanga, waliianzisha Simba Wanyika, bendi iliyoizaa Les Wanyika, papa hapa Mombasa mwaka 1971 kabla ya kuhamia Nairobi, kwa hiyo Mombasa ndiyo mama. Amina akataja "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms. Wengi wakaguna: huo wa hotelini, wa watalii. Jirani yetu mmoja, ambaye mumewe alikuwa mhudumu wa hoteli Diani, akasema kwa heshima kubwa kwamba wimbo huo umewasomesha watoto wake wanne. Baada ya hapo hakuna aliyeuguna tena.

Mama yangu naye alikuwa na wake. Alimtaja Zuhura Swaleh, na wimbo wa "Parare". Mama si mtu wa maneno mengi, lakini alisimama, na kisu mkononi, akatuonyesha namna taishokoto, ile ala ya nyuzi na vitufe, ilivyokuwa ikilia, ting-ting-ting, mikono ikichezacheza hewani juu ya vitufe visivyokuwepo. Akasema wanaume hupima wimbo kwa masikio, lakini sisi tunajua kipimo chake kiko kwenye harusi: ni mstari gani uliomtoa mwanamke kitini mwake, akapita katikati ya ukumbi mbele za watu wote, akamtuza mwimbaji, na macho yake yakimwangalia mtu mmoja tu. Wimbo usiomtoa mtu kitini, akasema, ni sauti tu.

Bibi akaketi.

"Zainabu," akaniita, "nenda kafungue kasha langu. Chini ya leso, upande wa ukutani. Niletee kaseti."

Nilikuwa naijua kaseti ile kwa kuiona. Ilikuwa nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa ya moshi, na maandishi ya kalamu yaliyofifia yakabaki "Rukia 83". Ilirekodiwa harusi ya Shangazi, pale pale uani, kwa kinasa sauti kimoja kilichofungwa kwenye nondo za dirisha lile lile. Walioimba ni kina mama wa mtaani waliokuwa na kikundi chao. Mtunzi alikuwa mwanamke mmoja ambaye Bibi alimlipa kwa leso mbili na kilo ya kahawa amtungie mwanawe wimbo. Haukuwahi kufika redioni. Pengine haukuwahi kuvuka Makadara.

"Wimbo bora wa wakati wote," Bibi akasema, "ni huu."

Hakuna aliyecheka. Nikaitia kaseti kwenye redio, nikabonyeza.

Kwanza ukasikika mvumo, kisha watoto wakilia, kisha sufuria ikiburutwa. Kisha dumbaki. Sauti ya mwimbaji ilikuwa nene, ya mwanamke wa makamo, haina haraka. Ubeti wa kwanza ukapita, na nikaona wanawake wakiacha kukata. Ukaingia wa pili:

*Mwenye chake hatafuti, chake…*

Redio ikanguruma, sauti ikazama kama mtu anayetumbukia kisimani, ikanyamaza. Ilikuwa imeila kaseti.

Nafanya kazi hii ya kueleza kwa sababu nataka ijulikane kwamba nilikuwa mwangalifu. Nilifungua mlango wa redio polepole. Utepe ulikuwa umejisokota kwenye gurudumu la mpira, rangi ya hudhurungi, mwembamba usiofika hata milimita nne. Niliutoa kwa ncha ya pini ya buibui. Sehemu moja ilikuwa imekunjamana kama ngozi ya maziwa, na kwenye mkunjo ule ule ilikuwa imekatika. Nilifungua parafujo kwa ncha ya kisu, nikanyoosha ncha mbili juu ya sinia iliyopinduliwa, nikazikata mshazari kwa wembe ili zikutane vizuri, nikaziunga kwa kipande cha selotepu nilichokipunguza kando mpaka kikalingana na utepe. Kipande kibovu nilichokikata kilikuwa kifupi, kama urefu wa kidole gumba changu mpaka kwenye kifundo. Nilikiweka pembeni, karibu na maganda. Kisha nikazungusha kwa kalamu ya Bic mpaka utepe ukakaza.

Wakati ule sikujua kwamba kaseti hupita kwenye redio karibu sentimita 5 kwa kila sekunde. Kipande kile cha kama sentimita tatu ni zaidi ya nusu sekunde. Neno zima linaenea hapo.

Nikabonyeza tena.

*Mwenye chake hatafuti, chake… mwenyewe.*

Pale kwenye kiungo palikuwa na mruko mdogo, kama kwikwi. Na wanawake wote walioujua wimbo ule, bila kupatana, wakaliziba pengo kwa sauti. Lakini hawakusema neno moja.

"Humwita," alisema Bibi.

"Hulinda!" alisema Shangazi Rukia, kwa nguvu kuliko wote.

Wakaangaliana. Mama akasema naye anakumbuka "humwita", lakini hakuapa. Mstari ulirudiwa, kama ilivyo ada, na sote tukainama kwenye redio tusikie. Marudio yale yalifunikwa na vigelegele kuanzia mwanzo hadi mwisho. Neno lile lilikuwa limewagusa watu wa 1983 kiasi cha kulizamisha wao wenyewe.

Nikarudisha nyuma. Mara tatu, mara nne. Vigelegele tu.

"Niliimbiwa mimi," Shangazi akasema. "Nilikuwa nimekaa pale, nimefunikwa, nasikia kila neno. Chake *hulinda* mwenyewe. Mtu hukilinda chake mwenyewe, hamngojei mtu."

"Nilolipa ni mimi," Bibi akamjibu. "Nilikaa na yule mwanamke mchana mzima. Chake *humwita* mwenyewe. Nilitaka uende kwako ukiwa umetulia moyo."

Sote uani tulijua kwamba mume wa Shangazi alikuwa ameoa mke wa pili miaka kumi baada ya harusi ile. Hakuna aliyelitaja. Shangazi akachukua kitunguu kingine, akakipasua katikati kwa pigo moja.

Mama akamwita Ami Twalib dirishani aamue, maana siku ya harusi ile ndiye aliyesimamia kinasa sauti. Akafikiri sana, kwa mara ya kwanza usiku ule. "Mimi nasikia *huficha*," akasema mwishowe. "Chake huficha mwenyewe." Wanawake wakampigia kelele kutoka pande zote.

Juma Bhalo hakutajwa tena, wala Mbaraka, wala Malaika. Mpaka adhana ya alfajiri watu walikuwa wakibishana juu ya neno moja la wimbo ambao hakuna redio iliyowahi kuupiga, wakiujaribu kwa kila neno kuona upi mwendo wake, na Mama Mghoi, ambaye alikuwa hajawahi kuusikia kabla, alikuwa ameshaushika wote na akiuimba taratibu kwa sauti ya pili.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa kipande kile kilikuwa na nini. Kilikuwa kimekunjamana, si kimepotea. Kingenyooshwa, kingeungwa, kingelia hata kwa kukwaruza. Nilikitafuta pale nilipokiweka, karibu na maganda, na pale palikuwa pameshafagiwa.

Jua lilipotoka nilikuwa jaani nyuma ya nyumba, nimechuchumaa, nikipekua maganda mekundu ya vitunguu moja moja. Shangazi Rukia akaja na beseni lingine la kumwaga. Akasimama juu yangu, macho yake yamevimba kama ya kila mtu asubuhi ile.

"Watafuta nini, mwanangu?"

Nikamwambia hereni. Akaweka beseni chini, akainama, akaanza kunisaidia kuitafuta.