Jogoo kumi na tisa

Alhamisi, usiku

Wiki iliyopita nilisahihisha insha arobaini na mbili za Gredi ya Tano, na kumi na tisa kati yake zilianza na jogoo. "Jogoo la kwanza lilipowika, nilirauka kutoka kitandani..." Mada ilikuwa "Siku Ambayo Sitaisahau". Mtoto mmoja alishuhudia lori likipinduka kando ya barabara kuu ya Mombasa, lakini kabla ya kutufikisha hapo alioga, akapiga mswaki, akanywa chai kwa mahamri, akawaaga wazazi. Lori lilipata mistari minne.

Iliniuma, kwa sababu jogoo huyo nimemfuga mimi. Nilipokuwa nikifundisha Darasa la Nane, kabla KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, haijafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtahiniwa alikuwa na dakika 40 za insha na alama 40 za kuwania. Niliwafungia watoto utangulizi wa kukariri kama mtu anavyomfungia msafiri masurufu: jua la matlai, ndege wakitumbuiza, moyo ukidunda kama ngoma. Mtoto anayeogopa karatasi tupu huhitaji kitu cha kushika, na hilo bado naliamini. Ila mtihani umekwenda zake, na yale madaftari ya mapambo ya lugha yangali yanarithiwa, kaka akimwachia mdogo wake.

Jumatatu niliwaambia wafunge madaftari. Nikasema, "Paukwa!" Wakaitika, "Pakawa!" Nikauliza nani ana kisa cha juzi au jana. Mvulana wa dawati la nyuma akasimama bila kungoja nimtaje: "Mwalimu, mbuzi wetu amekula shati la ndugu yangu, na ndugu yangu alikuwa amelivaa!"

Darasa lilivunjika mbavu. Walitaka kujua ni mbuzi yupi, upande gani wa shati, mama alisema nini. Hakuna aliyeuliza mvulana aliamka saa ngapi.

Nikampa chaki aandike ubaoni yale yale aliyoyasema. Alisimama kitambo, akaufuta ubao ingawa ulikuwa safi, kisha akaandika: "Ilikuwa siku ya Jumapili, jua lilikuwa likiwaka kwa hasira..."

Nimelifikiria jambo hilo wiki nzima. Kutoka mdomoni mpaka kwenye chaki si hata hatua moja, na mbuzi alikuwa amekwisha potea. Mtoto huyu anajua kuanza kisa. Wote wanajua, wasingeweza kusikilizwa wakati wa mapumziko kama hawajui. Sisi ndio tuliowafunza kwamba kuandika ni kuvaa nguo za mtu mwingine.

Basi nikamwomba asimulie tena, nami nikawa karani wake. Niliandika maneno yake kando ya yale aliyoyaandika mwenyewe, nikawauliza wenzake wangefuata kisa kipi. Walinyoosha kidole kwa mbuzi.

Siku iliyofuata tulifanya zoezi dogo: kila mtu afunike aya ya kwanza ya insha yake kwa rula, amsomee jirani kuanzia aya ya pili. Katika nyingi hakikupotea kitu. Insha za maelezo zilitutoa jasho zaidi, maana kila mmoja alikuwa na "Maji ni muhimu sana katika maisha ya mwanadamu." Niliwauliza ni nani huchota maji kwao, na kwa chombo gani. Msichana mmoja akaandika: "Mtungi wetu wa lita ishirini una ufa, kwa hivyo dada hutembea haraka."

Sijawakataza neno "kurauka". Ni neno zuri. Mtoto alitumie siku aliyorauka kweli.

Usiku huu madaftari yamerudi. Jogoo wamebaki sita. Binti mmoja, ambaye jogoo wake amewika katika insha tatu mfululizo, ameanza hivi: "Simu ya nyanya hulia saa kumi na moja alfajiri lakini nyanya hasikii vizuri mimi ndiye huizima." Mama yake yuko Saudia, huu ni mwaka wa pili.

Hapo panahitaji koma, labda mbili. Sijaziweka. Nimeifunga kalamu nyekundu, na kesho kabla ya gwaride nitamwomba anisimulie akishaizima simu hufanya nini.