Kansas City: niliufuata mnara nikakuta habari ya mikopo

Kansas City haikuwa kwenye mpango kabisa. Nilikuwa Chicago kwa shemeji yangu, Novemba, baridi ya kukata masikio, nimechoka kukaa ndani, halafu siku moja mezani nkabishana na mtoto wake anayesoma sekondari. Yeye anasema Marekani iliingia vita vya kwanza vya dunia kwa sababu Wajerumani walizamisha Lusitania, meli ya abiria ya Waingereza, basi, kesi imeisha. Mi nilikuwa najua hivyohivyo ila nkabisha tu, unajua tena ubishi wa mjomba. Akaniambia kama hujui nenda Kansas City kuna makumbusho ya vita hivyo. Nikaenda kweli!

Treni ya mchana, safari ya masaa kama saba hivi, dirishani ni mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa yamebaki mabua matupu, mabua, mabua, giza likaingia, tukavuka mto Mississippi, nikalala. Usiku nashuka Union Station natoka nje na kijaketi changu cha Dar, upepo ulionipiga hapo sitausahau, nikarudi ndani mbio. Ila nilishaona ng'ambo ya barabara, juu ya kilima, mnara mrefu kileleni unawaka moto. Jamaa mmoja akanicheka, akasema si moto ule, ni mvuke unamulikwa taa.

Asubuhi nikapanda. Makumbusho yenyewe yako chini ya ardhi, chini ya huo mnara, na kuingia lazima upite daraja la kioo, ukiangalia miguuni kuna shamba la maua mekundu ya popi, 9,000, kila ua moja ni wanajeshi 1,000 waliokufa. Yaani milioni 9. Kuna watoto wa shule walikuwa wanarukaruka pale juu ya kioo, mi nilipita macho mbele kama bwana harusi.

Sasa ndani, kitu cha kwanza kilichoniumbua mimi na yule mtoto ni tarehe. Lusitania ilizamishwa 7 Mei 1915, wakafa karibu watu 1,200, Wamarekani zaidi ya 120 humo. Marekani imetangaza vita 6 Aprili 1917. Hasira gani hiyo inakaa miaka miwili kasoro? Na katikati hapo, Novemba 1916, rais Woodrow Wilson amechaguliwa tena, na kampeni ilikuwa inamsifu kwamba ametuepusha na vita! Watu walikuwa hawataki kabisa. Tangu enzi za George Washington wosia ulikuwa msijifunge na ugomvi wa Ulaya, ya Ngoswe mwachieni Ngoswe, na wengine wazazi wao ni Wajerumani, wengine Waairishi hawataki hata kusikia jina la Mwingereza, sasa unampigania nani?

Ila kutoegemea upande kwao hakukuzuia kuuza. Vita vya panzi furaha kwa kunguru. Ngano, pamba, risasi, nyama za makopo, vyote vinavuka bahari, na kwa kuwa manowari za Mwingereza zilishaziba njia ya kwenda Ujerumani, mzigo ukawa unaenda upande mmoja tu. Pesa zikafuata njia hiyohiyo: mpaka mwanzoni mwa 1917 mabenki ya Marekani yalishawakopesha Waingereza na wenzao zaidi ya dola bilioni 2, Mjerumani kaambulia kama milioni 27. Hapo nilisimama muda mrefu. Ukishamkopesha mtu hela yote hiyo unaombea afe kweli? Sisemi mabenki ndo yalitangaza vita, hapana, ila huyo kunguru alishatua uwanjani, bado anajiita mtazamaji.

Mjerumani naye hakuwa mjinga, aliliona hilo. Tarehe 1 Februari 1917 akaziachia nyambizi zipige meli yoyote inayokwenda Uingereza, hata ya nchi isiyo vitani, na alijua kabisa Mmarekani ataingia. Hesabu yake: jeshi la Marekani dogo, mpaka lijipange livuke bahari, Mwingereza atakuwa ameshasalimu amri kwa njaa. Kamari hiyo. Halafu ndo ile telegramu sasa, waziri wao wa mambo ya nje, Zimmermann, anaiambia Mexico, vita vikizuka na Marekani njoo upande wetu, mtarudishiwa Texas, New Mexico na Arizona. Waingereza wakainasa, wakaifumbua, magazeti ya Marekani yakaitoa 1 Machi. Wapo waliosema ni uongo wa Waingereza, mpaka Zimmermann mwenyewe akakiri ni yake! Bwana wee, kwa nini hukukaa kimya?

Mbele kidogo kuna ukumbi wa filamu unaeleza siku hizo, nikakaa na mzee mmoja wa hapohapo jimbo la Missouri. Tarehe 2 Aprili Wilson anaomba vita, bunge likapiga kura, 373 wakakubali, 50 wakakataa, mmoja wao Jeannette Rankin wa Montana, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bunge lile. Mzee akasema babu yake alikuwa upande wa wale 50, na bado aliitwa jeshini akapelekwa Ufaransa. Akaniuliza, nyie kwenu mlipiga kura wangapi?

Nikacheka kwanza. Nikamwambia mzee, kwetu Mjerumani na Mwingereza walikuja kupigania kwenye mashamba yetu, babu yake mama alikamatwa akabebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza, maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa na kuhara, na kambi yao Dar ndo leo soko. Carrier Corps, sisi tukalitamka Kariakoo. Akalirudia taratibu, Ka-ri-a-koo, mara mbili, akaomba nimwandikie kwenye tiketi yake.

Nilipotoka nikazunguka mnara. Pale chini kuna sfinksi wawili, sanamu za simba wa hadithi, wamejifunika nyuso kwa mabawa, mmoja kaelekea mashariki, anaitwa Kumbukumbu, hataki kuangalia Ulaya. Nikampiga picha nikamtumia yule mtoto Chicago. Akajibu: "Anko, sasa ilikuwa Lusitania au siyo?"