Picha ya viazi kwenye jina la parachichi: nilivyokagua picha 1,840

Simu ilinikuta Mwanjelwa. Baada ya shikamoo na marahaba, mama akaniambia, "Mwanangu, hebu niangalizie kwenye hiyo orodha yenu. Kuna mteja wa Dar anasema nina viazi. Viazi nimevitoa wapi mimi? Si unajua nalima parachichi?"

Nikafungua. Jina lake lipo, kijiji chake cha Rungwe kipo, maelezo yanasema parachichi aina ya Hass, kreti 40. Picha iliyo juu yake ni magunia matatu ya viazi mviringo yameegemea ukuta wa matofali. Mteja alishatanguliza nusu ya nauli ya gari. Alirudishiwa siku ya tatu, lakini mama wa watu alikuwa ameshaitwa tapeli, na hilo liliniuma sana.

Orodha hiyo ya mazao ya wakulima, ambayo wateja huagizia, naitunza mimi. Picha hupigwa kwa simu na vijana wanaopita vijijini, kuanzia Tukuyu hadi Mbozi na Mbarali, na maelezo huandikwa kwa Kiswahili kwenye faili la Excel. Nilijaribu kuzikagua kwa macho. Baada ya picha 200 hivi nilikuwa napitisha tu: maelezo yakisema maharage, nami naona maharage.

Nikageukia CLIP, mtandao wa neva (programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na mifano) uliotolewa na kampuni ya OpenAI Januari 2021, uliofundishwa kwa jozi milioni 400 za picha na maneno kutoka kwenye intaneti. Una sehemu mbili. Moja huigeuza picha kuwa safu ya namba, nyingine huyageuza maelezo kuwa safu ya urefu uleule, namba 512 kwa toleo dogo nililotumia. Picha na maelezo vikiendana, safu hizo huelekea upande mmoja na alama ya kuendana hupanda. Ukishaupakua hauhitaji tena bando, na kompyuta yangu ya kawaida ilimaliza kazi kabla ya umeme wa jioni kukatika.

Nilipokosea ni kwenye kiwango cha kupitisha. Waliokusanya LAION-400M, hazina kubwa ya picha na maneno ya mwaka 2021, walitupa kila jozi iliyopata alama chini ya 0.3. Nikaiazima namba hiyo. Zaidi ya nusu ya orodha yangu ikaanguka, zikiwemo picha ambazo hata mtoto angesema ni ndizi. CLIP inajua Kiingereza zaidi, kwa hiyo maelezo yetu nilikuwa nimeyapitisha kwanza kwenye programu ya kutafsiri, nayo ilikuwa imeandika kwamba maharage ya kablanketi ni blanketi dogo. Nilikaa siku mbili nikitengeneza kamusi ndogo ya majina ya sokoni: kablanketi, soya njano, viazi mviringo, mchele wa Kyela. Alama zikapanda, ila 0.3 bado ilikuwa inaonea picha nzuri.

Ndipo nikaacha kuuliza kama alama ni kubwa. Nikauliza hivi: je, picha hii inaendana na maelezo yake kuliko inavyoendana na maelezo ya majirani zake? Kila picha nikaipima na mstari wake, mistari mitano ya juu na mitano ya chini. Hapo kosa likajitokeza lenyewe. Kuanzia mstari wa 613 hadi wa 790, mwisho wa folda ya Rungwe, picha nyingi zilikuwa zinavutwa na maelezo ya mstari unaofuata. Kijana mmoja alikuwa amefuta picha iliyotikisika bila kufuta mstari wake, na zilizobaki zote zikapanda hatua moja. Parachichi za mama zilikuwa zimehamia kwa jirani yake wa juu.

Mengine yalihitaji kufungua picha na kutazama. CLIP huipunguza picha hadi pikseli 224 kwa 224, na kwa kawaida hukata katikati. Picha ndefu ya simu hupoteza juu na chini, na vijana wetu hupenda kupiga debe likiwa chini miguuni. Nilianza kuziongezea kingo nyeupe ziwe mraba kabla ya kuzipima, na debe zikarudi.

Halafu magunia. Huku gunia halitupwi. Gunia la plastiki lililokuja na mchele kutoka nje, maandishi makubwa ya Kiingereza ubavuni, kesho linabeba mkaa. CLIP husoma maandishi yaliyo ndani ya picha na mara nyingine huyaamini kuliko kilichomo. OpenAI wenyewe walilionyesha hilo mwaka 2021: tufaha lililobandikwa karatasi yenye neno iPod, mtandao ukasema ni iPod. Mkaa wa Mbarali ulipewa alama ya mchele. Sasa tumewaambia vijana wafungue mdomo wa gunia na wapige kilichomo, karibu.

Zilibaki picha 74 ambazo sikuziamini. Nikapanda gari hadi Rungwe, nikaketi na mama barazani, nikamwonyesha moja moja kwenye simu. Alizimaliza kabla chai haijapoa. Nikamwonyesha na za jirani yake wa juu, ambazo mtandao ulikuwa umezipitisha kwa alama nzuri kabisa: parachichi za Hass.

Akaisogeza simu karibu na macho. "Hizi siyo Hass, mwanangu. Hass ngozi yake ina vipele. Hizi ngozi laini, tena zina shingo. Fuerte hizi."

Nikabadilisha mstari ule palepale.