Lete na huo mwingine

Jirani yangu ametoka Kibaigwa na dumu la mafuta ya alizeti, yale ya kukamua, mazito, bado yananukia mashudu. Kanipimia nusu lita. Nilipofungua kifuniko ninuse, vigimbi vikanisisimka kabla hata sijajua nakumbuka nini.

Ilikuwa Julai 2016, tukiwa bado kwenye ile nyumba ya Nkuhungu. Mji mzima habari ilikuwa moja tu, Serikali kuhamia Dodoma, na wenye nyumba walishaanza kututangazia kodi mpya. Baba watoto alikuwa Manyoni kikazi. Mimba ya huyu wa pili ilikuwa imeingia mwezi wa saba, na mama mkwe alikuwa amekuja kutoka kijijini Bahi kunisaidia mtoto mkubwa.

Ikifika saa mbili usiku, nikishakaa tu, miguu inaanza. Kwa asiyeijua hali hii ya miguu isiyotulia: haiumi, wala si ganzi, wala si ule mkazo wa misuli unaokuamsha ukapiga kelele. Ni kama siafu wanatembea ndani ya mfupa, na wanachotaka ni uinuke. Ukiinuka wanatulia. Ukilala wanarudi. Macho yanakuwasha kwa usingizi, mgongo unadai kitanda, lakini mguu unataka kwenda, na kati ya mwenye usingizi na mguu unaotaka kwenda, kila usiku mguu ndio uliokuwa unashinda.

Kituo cha afya nilichokuwa nahudhuria kliniki waliniambia ni uchovu wa mimba, nikapumzike, nilaze miguu juu ya mto. Kupumzika ndiko kulikokuwa kunanimaliza! Shoga yangu mmoja akanishauri vidonge vya mafua, vile vinavyoleta usingizi. Nikavinunua, nikaviweka kabatini, moyo ukasita kuvimeza.

Basi nikawa mtu wa kutembea uani. Kutoka kwenye tangi la maji hadi kwenye mwarobaini, narudi, nakwenda. Mnaokaa Dodoma mnaujua upepo wa Julai ulivyo, unapita kwenye khanga mbili kana kwamba hujavaa kitu. Usiku ule nilikuwa nimevaa sweta la mume wangu, limegoma kufunga vifungo juu ya tumbo, nimeshika kiuno, natembea. Ilikuwa imepita saa nane. Mlango wa nyuma ukalia.

“Mwanangu, unatafuta nini?”

Nikamwamkia, maana sikujua niseme nini kingine. Nikamwambia ni miguu tu, mama, rudi ulale, baridi hii. Hakurudi. Alisimama pale kajifunika shuka, akaniangalia nikienda na kurudi, kisha akaingia ndani. Nikajua amechoka kunishangaa. Kumbe alikuwa anafukua makaa tuliyoyafunika kwa majivu baada ya chakula cha usiku. Akatoka na jiko, akatandika mkeka ukutani mahali upepo usipofika, akaweka kisufuria chenye mafuta ya alizeti kidogo aliyokuja nayo kutoka kwake kwenye chupa ya maji. Akakaa. Akapiga paja lake kwa kiganja.

“Lete mguu.”

Jamani, mama mkwe. Mimi sikuwahi hata kukaa mkeka mmoja naye nikiwa nimenyoosha miguu, sembuse kumpa nyayo zangu mapajani. Nikasema hapana mama, haifai. Akanikamata kifundo cha mguu kwa nguvu za mtu aliyeshika jembe maisha yake yote, akauvuta.

Alichovya vidole, akapuliza, akaanza. Dole gumba lilipanda taratibu kutoka kifundoni, likipita katikati ya kigimbi hadi nyuma ya goti, likasimama pale, likabonyeza, likashuka. Viganja vyake vilikuwa na magamba ya mavuno ya uwele. Vilikuwa vinanikwaruza, na mkwaruzo wenyewe ndio niliokuwa nautaka. Mguu uliruka mara kadhaa, wenyewe, bila mimi. Alipoona unaruka, hakushtuka. Aliusubiri utulie, akaendelea.

Akiwa hajainua macho, akaanza kuzungumza. Mimba yake ya kwanza ilikuwa hivi hivi. Kila usiku anatoka, anazunguka zizi la ng'ombe. Ukweni wakasema huyu binti anatafuta njia ya kurudi kwao. Wakamwekea mtu wa kumchunga. Basi akaacha kutoka. Akawa analala kwa kukaa, mgongo kwenye ukuta wa tembe, anasugua mguu mmoja kwa mwingine mpaka kuche. Kwa mtoto wa mwisho hali ikarudi tena, akanyamaza tangu mwanzo.

Nikamuuliza, “Wewe alikukanda nani, mama?”

Akachovya tena vidole kwenye mafuta.

“Lete na huo mwingine.”

Nililala pale pale kwenye mkeka mpaka adhana.

Kliniki iliyofuata nilikwenda kituo kingine, na nilipokaa tu nikaanza na miguu kabla sijaulizwa lolote. Nesi alikuwa mama wa makamo. Akaweka kalamu chini. Inaanza saa ngapi? Ukitembea inaacha? Kwenu kuna mwingine mwenye hali hiyo? Unakula udongo? Nilikuwa nakula, ule wa mafungu wa sokoni Sabasaba, na akanieleza kwamba hamu ya udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu. Akanitoa damu kidoleni, wingi wa damu ukasoma 9.4, wakati mjamzito anatakiwa afike angalau 11. Akaniambia ubongo nao unatumia madini chuma kutengeneza dopamini inayosaidia kuongoza mienendo ya mwili, na kwamba madini hayo yakipungua miguu inaweza kukosa utulivu. Akaniongezea vidonge vya madini chuma na foliki asidi, nimeze kwa juisi ya ubuyu au maji ya limao, chai ikae mbali na vidonge, na jioni niiache kabisa. Vile vya mafua akasema afadhali sikuvigusa, maana vinaweza kuizidisha hali yenyewe.

Baadaye nilisoma kwamba daktari Mwingereza, Thomas Willis, aliielezea miguu ya namna hii mwaka 1672, na Karl-Axel Ekbom wa Uswidi akaiandikia kwa kina mwaka 1945. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo bado. Miaka yote hiyo ilishaandikwa, ni kawaida kwa wajawazito hasa miezi mitatu ya mwisho, lakini mwanamke wa Bahi akachungwa kama mtoro na mimi nikapewa mto.

Nilijifungua salama mwezi wa tisa. Siku chache baadaye miguu ikatulia, kama inavyotulia kwa wengi. Sijui niseme kilichonisaidia ni nini, maana vidonge nilimeza, chai ya jioni niliacha, na mama alinikanda usiku baada ya usiku mpaka mafuta yake yakaisha akaagiza mengine. Mtu akiniuliza, namwambia apimwe damu kwanza. Halafu nasita, kwa sababu naona kama nimemficha nusu ya dawa.

Mama mkwe sasa amezeeka, magoti yanamsumbua. Tulipokwenda Bahi Krismasi iliyopita nilimkuta jioni amekaa kwenye kigoda, anajikanda mwenyewe. Nikapasha mafuta, nikatandika mkeka, nikamwambia lete mguu, mama. Akaivuta miguu yote miwili chini ya khanga, akasema yake imeshazoea. Nikakaa pale na kisufuria mkononi, sijui nimheshimu nimwache, au niukamate mguu kwa nguvu kama alivyonifanya yeye.