Namna nilivyowavusha kuchi wangu katika joto la kaskazi

Hapa Tanga, kuanzia Desemba hadi katikati ya Machi, sisi wafugaji wa kuchi hatuwezi kuzungumzia kuku kabla ya kuzungumzia hewa. Tunakutana baada ya swala ya alasiri kwenye baraza moja la Ngamiani, muuza kahawa akiwa ameshatua dele lake, na baada ya salamu swali la kwanza huwa mtu alilalaje: kama alihamishia mkeka uani, kama upepo ulivuma usiku kucha au ulikata saa nane, kama watoto walilia kwa vipele vya joto. Mgeni atakayepita atadhani ni soga za kusubiri magharibi. Kwangu mimi baraza hilo ndilo lililonifundisha karibu kila nilichokifanya ili kuku wangu wapite salama katika majira haya, na ninaandika kwa ajili ya wale ambao hawana baraza la namna hiyo karibu nao.

Kuchi, kwa asiyemjua, si kuku wa nyama wala wa biashara ya mayai. Ni kuku mrefu anayesimama wima kama askari wa gwaride, mwenye mifupa mizito, manyoya machache yaliyobana mwili, na upanga mdogo ulioshikana na kichwa. Jogoo aliyekomaa hufika kilo tatu na kuzidi. Wazee wa pwani husema asili yake ni ng'ambo na kwamba aliletwa na majahazi, na uchunguzi wa vinasaba vya kuku wa Tanzania nao huelekeza asili yake upande wa Asia ya Mashariki na Kusini-Mashariki. Wapo wanaowapiganisha; barazani kwetu jambo hilo halina nafasi, sisi tunawafuga kwa kupenda umbo lao na mwendo wao.

Tatizo la majira haya linaanzia kwenye mwili wa kuku wenyewe. Kuku hana tezi za jasho. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 41 hadi 42, na njia zake za kulipunguza ni chache: huachanisha mbawa zipate upepo, hupeleka damu kwenye upanga, kwenye nyama zinazoning'inia chini ya mdomo na kwenye miguu, na hewa ikipita nyuzi 30 hivi huanza kutweta mdomo wazi ili unyevu unaokauka kooni uondoke na joto. Njia hii ya mwisho pwani hufanya kazi kwa shida, kwa sababu hewa yetu imekwisha kujaa unyevu na koo halikauki upesi. Nyuzi 32 za Tanga humchosha kuku kuliko nyuzi hizo hizo kwenye hewa kavu ya bara.

Juu ya hilo kuna ubishi wa kudumu kati yangu na fundi baiskeli, ambaye hufuga kishingo. Yeye hushikilia kwamba kuku wake asiye na manyoya shingoni ndiye aliyeumbwa kwa ajili ya pwani, na lazima nikiri kwamba hoja yake ni nzito, kwani kishingo huwa na manyoya pungufu kwa asilimia 20 hadi 40 akilinganishwa na kuku wa kawaida, na shingo ile tupu hutoa joto vizuri. Kuchi naye ana manyoya haba, lakini upanga wake mdogo hautoi joto la maana na mwili wake mkubwa hulihifadhi muda mrefu. Kwa hiyo mfugaji wa kuchi analazimika kulitengeneza banda lifanye kazi ambayo mwili wa kuku wake hauiwezi.

Nilianza na paa. Banda langu limeezekwa kwa bati, na kipimajoto nilichoazima kwa mwalimu wa sayansi, ambaye naye ni mtu wa baraza letu, kilionyesha nyuzi 38 usawa wa kichwa cha kuku saa nane mchana, wakati chini ya mti wa mkungu ulio hatua chache kutoka hapo palikuwa na 33. Tofauti hiyo yote ilitoka kwenye bati. Nililipaka chokaa nyeupe iliyokorogwa pamoja na chumvi ili ishike, kisha nikalaza makuti juu ya fito zilizoinuliwa, nikiacha nafasi ya shubiri moja kati ya makuti na bati ili hewa ipite katikati. Nafasi hiyo ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Makuti yaliyolazwa moja kwa moja juu ya bati huzuia jua, lakini joto linalopenya halipati pa kutokea. Kipimajoto kilishuka hadi 34, na kuku walioshinda wamejibana ukutani walianza kutembea mchana. Ubaya wa makuti ni panya na utitiri, kwa hiyo huyafunua na kuyakung'uta kila mara.

Upande wa upepo nilisaidiwa na nahodha mstaafu, mzee ambaye hajawahi kufuga kuku hata mmoja na ambaye huja barazani kwa ajili ya kahawa na kashata tu. Nilipomwamkia na kumweleza kwamba nimetoboa dirisha kubwa upande wa kaskazini-mashariki, kunakotoka kaskazi, lakini banda bado ni tanuri, aliniuliza kama kuna tundu upande wa pili. Nikamjibu kwamba upande wa pili ni mbao tupu. "Sasa upepo utaingia uende wapi, mwanangu?" akasema, akarudi kwenye kikombe chake. Siku iliyofuata niliondoa mbao za upande wa kusini-magharibi kuanzia usawa wa goti hadi juu, nikaweka wavu, na kuanzia hapo harufu ya banda pia ilipungua.

Mzee huyo huyo ndiye aliyenionya kuhusu Machi. Watu wengi huogopa Januari, lakini Januari kaskazi inakuwa imeshika na upepo hauishi. Hatari kubwa zaidi ni tangambili, kaskazi inapolegea na kusi haijaingia, bendera ya mtumbwi ikashinda imelala. Wakati huo huo jua huwa linarudi kaskazini, na karibu na tarehe 7 Machi hupita utosini mwetu hapa Tanga, mtu akawa anakanyaga kivuli chake adhuhuri. Kuku wanaokufa kwa joto, wengi wao hufa katika wiki hizo.

Hapo ndipo ulipozuka mjadala wa magunia. Fundi hutundika magunia mabichi kwenye wavu wa banda lake na husifu ubaridi wake. Nami niliyatundika mwezi Januari, yakafaa sana, kwa kuwa upepo uliyapitia na kuyakausha, na kukauka huko ndiko kunakoleta baridi. Machi yalipobaki yamelowa tangu asubuhi hadi jioni nikayashusha, kwa sababu hewa isiposogea gunia bichi huongeza unyevu ndani ya banda na kumziba kuku njia pekee aliyobakiwa nayo, ya kutweta. Fundi hajakubali mpaka leo. Badala ya magunia, siku za utulivu ninamwagia maji kidogo mchanga ulio chini ya mkungu, na kuku wenyewe huchimba na kulala humo, matumbo yakigusa ubichi.

Jambo lililoleta mabadiliko makubwa kuliko yote, hata hivyo, halikuhusu banda. Lilihusu saa ya chakula. Kuku akila, mwili wake huzalisha joto la kusaga chakula kwa saa kadhaa, na sisi wengi huwapa kuku pumba na mahindi tunapomaliza kazi za asubuhi, saa tatu au saa nne, na matokeo yake joto hilo la tumboni hukutana na la jua saa saba. Mama mmoja jirani, anayechoma vitumbua na hivyo huamka saa kumi alfajiri, yeye huwamwagia kuku wake chakula wakati huo huo anapowasha jiko, kwa taa. Nilimuuliza kama haoni taabu. Alicheka akaniambia kwamba taabu ni kumwokota kuku amekufa mchana. Mitetea yake ilikuwa ikitaga Februari wakati ya wengine wote imegoma.

Nilimwiga. Chakula cha kwanza nakitoa alfajiri, kabla ya swala. Saa nne naondoa vyombo vyote, hata kikiwa kimebaki. Cha pili nakitoa saa kumi na moja jioni na kuwaachia taa kwa muda mfupi wamalize kula. Mchana hupata maji na majani tu, matembele au mchicha uliokatwakatwa. Wiki ya kwanza walinifuata mlangoni wakidai, kisha wakazoea. Kutweta hakukuisha kabisa, lakini kulianza saa saba badala ya saa tano na kulikoma mapema.

Maji nayo yana mambo yake. Katika hali ya kawaida kuku hunywa maji yenye uzito wa takriban mara mbili ya chakula anachokula, na wakati wa joto kiasi hicho huongezeka sana, ila kuku huyakataa maji ya moto. Ndoo ya plastiki iliyoachwa juani huwa na maji ambayo hata mimi singeyatia mdomoni. Ninatumia vyungu vya udongo, nimevifukia nusu ardhini chini ya mti, na ninabadilisha maji saa sita, wakati ambao wengi wetu huwa tumejilaza.

Mwalimu ndiye aliyenieleza habari ya mayai. Mitetea wangu walitaga mayai yenye ganda jembamba, mengine laini kabisa, nami nilikuwa nikilaumu mahindi. Kuku anapotweta sana, alisema, hutoa hewa ya kaboni kupita kiasi, na damu hupungukiwa na kile kinachohitajika kujenga ganda, ambalo ni kabonati ya kalsiamu. Kwa vile ganda hujengwa zaidi usiku, nikaanza kuponda makombe ya chaza yanayookotwa ufukweni, vipande vya ukubwa wa punje ya mchele, na kuyaweka kwenye chombo cha peke yake jioni. Ganda liliimarika, ingawa idadi ya mayai haikurudi kama ilivyokuwa wakati wa kipupwe, na sidhani kuna njia ya kulazimisha hilo.

Kuna tahadhari moja ambayo mfugaji wa msimu huu hapaswi kuipuuza, nayo ni kutodhani kwamba kila anayehema anaona joto. Kuku wa joto hutulia jua likizama. Akiendelea kukoroma usiku, akaharisha kijani, shingo ikaanza kupinda, huo ni mdondo, yaani ugonjwa wa Newcastle, na makuti hayatamsaidia. Mimi huwachanja kwa chanjo ya I-2, tone moja jichoni, na kuirudia kila miezi mitatu. Ni chanjo iliyotengenezwa kuvumilia joto kuliko nyingine za aina yake, japo bado ninaibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu na kuchanja asubuhi mapema, kwa kuwa kumkamata kuchi mzito saa saba mchana ni kumuua kwa mikono yako mwenyewe.

Masika ikianza narudisha mbao za upande wa kusini-magharibi, maana mvua hupiga kutoka upande huo, na ratiba ya chakula nairudisha kidogokidogo. Kwa sasa barazani kuna shauri jipya. Fundi anataka jogoo wangu ampande mtetea wake wa kishingo, akidai kwamba shingo tupu hurithiwa kwa nguvu, hata mzazi mmoja tu anatosha kuipitisha, na kwamba tutapata kuku mrefu wa kuchi asiyejali Machi. Mwalimu amethibitisha kwamba hilo la kurithi ni kweli: mtetea akiwa amebeba sifa hiyo kutoka kwa mzazi mmoja, karibu nusu ya vifaranga watatoka na shingo tupu, na akiwa ameibeba kutoka kwa wazazi wote wawili, watatoka nayo wote. Nahodha anasema kuku huyo atakuwa na sura mbaya. Mimi nimemkubalia fundi kwa sharti kwamba mayai yataatamiwa kwangu na vifaranga tutagawana, na tumeahirisha hadi kusi itakapoingia, kwa kuwa jogoo anayetweta hapandi vizuri na mayai yake mengi hutoka viza.